Upasuaji wa Kupunguza Tumbo: Yaliyonikuta Kabla na Baada



Ndugu zangu wazazi, na nyinyi vijana wangu wanafunzi. Baada ya kumshukuru Allah (S.W.) na kumsalia Mtume wetu (S.A.W.), naandika haya kwa ajili ya wale ambao hawakuwapo msikitini Ijumaa ile ya kwanza ya Shawwal mwaka 2024. Nyinyi mlioko Uvira, Kigoma, Rumonge na hata Kanada, mlinichangia fedha mkaambiwa Maalim wa Buyenzi anakwenda Nairobi kutolewa vijiwe vya nyongo. Mimi ndiye niliyesema hivyo, na haikuwa kweli. Nyongo yangu ilikuwa nzima. Nilikwenda kukatwa mfuko wa chakula, ule upasuaji wa kupunguza uzito, na niliona haya kuutaja.

Ngoja nianze mbali kidogo.

Kazi ya kusomesha Qur'an ni kazi ya kukaa. Baada ya Alfajiri unakaa kwenye mkeka, watoto wanapita mmoja mmoja na juzuu zao, unakaa mpaka jua linapanda. Baada ya Adhuhuri unakaa tena. Na jioni unaitwa: khitma, aqiqa, ndoa, maulidi. Sinia la Maalim hutangulia, na nyama yake huwa ndiyo nzuri. Kukataa ni kumvunjia heshima mwenye nyumba, au ndivyo nilivyojiambia kwa miaka ishirini. Nilipooa nilikuwa na kilo 70. Nilipofika miaka 45 nilikuwa na kilo 146, na urefu wangu ni mita 1.72 tu. Watu wakiniona walisema, "Mashaallah, Maalim umenawiri." Kwetu mwili mkubwa bado ni dalili ya neema, na hakuna aliyenionea huruma, kwani nilionekana kama mtu aliyefanikiwa.

Siku moja nilikuwa nawafundisha watoto ile hadithi inayojulikana, iliyopokewa na Tirmidhi, kuhusu kuligawa tumbo mafungu matatu: la chakula, la maji na la pumzi. Mtoto mmoja akanyoosha kidole akauliza kwa adabu kabisa, "Maalim, na theluthi yako wewe inakuwa kubwa kiasi gani?" Darasa zima likacheka. Nikamsimamisha ukutani mpaka mwisho wa somo. Mtoto yule hakuwa na kosa lolote, na nilimwomba radhi nimechelewa sana.

Kufikia wakati huo nilikuwa na kisukari na presha, na magoti yalikwisha kunikataa. Niliswali nimekaa kwenye kiti. Uimamu wa Swala ya Isha niliuacha kwa kijana niliyemfundisha mwenyewe alif na be. Usiku ulikuwa mbaya zaidi. Nilikoroma, kisha pumzi ikakatika kabisa, kisha ikarudi kwa kishindo. Mke wangu alikuwa akikaa macho ananisikiliza. Asubuhi moja akaniambia, "Baba watoto, wewe kila usiku unakufa na kufufuka, na mimi ndiye shahidi. Nimechoka kuwa shahidi."

Msiseme sikujaribu. Nilifunga Jumatatu na Alhamisi, kisha futari ikala thawabu yote. Niliacha soda. Niliacha wali, nikala lengalenga na ndagala kwa miezi minne, nikapunguza kilo 11, kisha zikarudi 14. Daktari wetu hapa Bujumbura ndiye aliyenifahamisha kwamba mwili uliofikia unene huo hupigania kurudi ulipokuwa, njaa huongezeka na matumizi ya nguvu mwilini hupungua, wala si uvivu peke yake. Akanifanyia hesabu: unachukua kilo zako, unagawa kwa urefu wa mita uliozidishwa kwa wenyewe. Yangu ilitoka 49. Akasema kwa miaka mingi madaktari waliweka mpaka kwenye 40, au 35 kwa mwenye maradhi kama kisukari, na mwaka 2022 vyama vya kimataifa vya wapasuaji wa aina hii viliushusha mpaka huo kuwa 35 hata kwa asiye na maradhi mengine. Mimi nilikwisha kuipita mipaka yote.

Nilikuwa na shaka moja ya dini, nayo ni kama huku ni kubadilisha maumbile aliyoyaumba Allah. Nikamwendea sheikh aliyenisomesha mimi. Akaniuliza maswali mengi kuhusu sukari, pumzi na Swala, kisha akanieleza tofauti ya anayekata mwili kwa ajili ya uzuri na anayekata ili aondoe madhara yaliyothibitishwa na daktari mwaminifu. Ya pili ni matibabu kama matibabu mengine. Aliongeza neno ambalo halikunipendeza siku ile: "Lakini usije ukadhani kisu kitakufanyia jihadi ya nafsi."

Basi ikabaki fedha. Hospitali ya Nairobi ilitaka zaidi ya dola 6,000, na mtu wa Burundi anajua kwamba dola ya benki na dola ya sokoni ni vitu viwili mbalimbali. Niliuza kiwanja cha michikichi nilichorithi kwa marehemu baba kule Rumonge. Mdogo wangu aliyeko Kanada akatuma. Bado hazikutosha, na hapo ndipo uongo ulipoingia. Nilijua nikisema "nataka kupunguza unene", mtu ataniambia punguza kula, bure. Nikisema vijiwe vya nyongo, kila mtu anatia mkono mfukoni. Na kweli walitia. Mzee mmoja mfanyabiashara wa vitenge alitoa faranga 1,500,000 peke yake. Akinamama wa darasa la jioni walileta faranga elfu mbili mbili zimefungwa kwenye kitambaa. Nikazipokea, nikawaombea dua, nikaandika majina yote kwenye daftari.

Nilifika Nairobi Oktoba 2023, na matayarisho yalichukua muda kuliko upasuaji wenyewe. Walinipima moyo. Walinishusha kamera kooni mpaka tumboni kuangalia vidonda na kile kijidudu kinachokaa tumboni. Walinilaza usiku mmoja na nyaya mwilini kuhesabu mara ngapi pumzi inakatika, na matokeo yalipotoka wakanipa mashine ya kusukuma hewa puani niwe nalala nayo. Kisha wakanipeleka kwa mama mmoja mtaalamu wa mambo ya nafsi. Nilidhani ataniuliza kama nina wazimu. Aliniuliza, "Maalim, unakula ukiwa umeudhika, au ukiwa umefurahi, au ukiwa peke yako?" Nikamwambia vyote vitatu. Akaandika. Akauliza nani nyumbani anajua nimekuja kufanya nini. Nikasema mke wangu na mdogo wangu tu. Hapo aliacha kuandika, akanitazama muda mrefu, akaniambia kwamba anayeficha upasuaji huu hushindwa kuomba msaada anapouhitaji. Nikaona hazijui desturi zetu.

Wiki mbili za mwisho ni za mlo wa kulifanya ini lipungue. Ini la mtu mnene hujaa mafuta, huvimba na kuufunika mfuko wa chakula, basi mpasuaji hupata taabu kufika. Nilikunywa maziwa yasiyo na mafuta, supu nyepesi na mboga za majani, basi. Siku ya tatu nililia kwa harufu ya chapati iliyotoka kwa jirani. Siku ya nane njaa ikatulia. Nilishuka mpaka kilo 139.

Hapa nataka kusimama kidogo, kwani ni jambo linalowahusu Waislamu na wengi hawalijui. Baada ya upasuaji huu huchomwa sindano za kuzuia damu isigande miguuni, maana donge la damu likipanda kwenye mapafu linaua. Ile dawa inayotumika zaidi, ya aina ya heparini, hutengenezwa kutokana na utumbo wa nguruwe. Nililijua hilo kwa kumuuliza mfamasia. Sheikh wangu alikwisha kunipa jibu kwamba ikiwa hakuna nyingine, dharura ina hukumu yake na nisihatarishe roho. Lakini ilikuwapo nyingine iliyotengenezwa maabara bila mnyama, yenye bei ya juu, na daktari alikubali kunipa. Vilevile baadhi ya vidonge vya vitamini vina ganda la jelatini. Ulizeni mambo haya siku za mwanzo, msingoje usiku wa kuamkia chumba cha upasuaji, maana usiku ule hakuna mwenye muda wa kukutafutia dawa nyingine.

Asubuhi ile ya Novemba nilitawadha, nikaswali rakaa mbili kwenye kiti, nikachomwa nusukaputi. Walipita kwa matundu madogo matano. Sikufunguliwa tumbo kama mnavyodhani. Waliondoa sehemu kubwa ya mfuko wa chakula, kama robo tatu na zaidi, wakaacha kipande chembamba chenye umbo la ndizi. Ipo pia aina nyingine ambayo huunganisha kifuko kidogo na utumbo wa mbele, lakini mimi sikufanyiwa hiyo. Ile sehemu iliyoondolewa ndiyo inayotoa kwa wingi homoni ya njaa, ndiyo maana miezi ya kwanza mtu husahau kabisa kula. Anayedhani huu ni muujiza angoje, maana njaa hurudi.

Nilipozinduka maumivu yalikuwa begani kuliko tumboni. Ni ile gesi waliyoijaza ndani ili wapate nafasi ya kufanya kazi. Nikaswali Adhuhuri kwa kutayamamu na kuashiria. Jioni ile ile muuguzi akanisimamisha. "Tembea, Mwalimu. Damu haitaki wavivu." Nilitembea ukumbi mzima nimeshika nguzo ya dripu. Kesho yake nikapewa kikombe kidogo cha dawa, mililita 30, nikaambiwa niyanywe maji yale kwa dakika kumi na tano. Ndugu msomaji, mimi niliyekuwa nakunywa jagi zima kwa pumzi moja, nilikaa na kile kikombe kama mtu anayekunywa sumu. Wakanionya kuhusu homa, moyo kwenda mbio, na maumivu yanayozidi, kwani mshono wa ndani ukivuja ni hatari kubwa na mtu arudi hospitali saa hiyo hiyo.

Wakati wa kuondoka walinipa vidonge vya miezi sita. Nikauliza vya nini. Mfamasia akasema, "Mtu anayepungua haraka hupata vijiwe vya nyongo. Hivi ni vya kuzuia." Nilivishika mkononi nikashindwa kusema kitu. Ugonjwa nilioudanganyia watu, Mwenyezi Mungu alinitilia dawa yake mfukoni.

Nilirudi Buyenzi wiki ya tatu. Utaratibu ni kwamba kwanza ni vitu vya majimaji, kisha vilivyopondwa kama uji mzito, kisha laini, na chakula cha kawaida baada ya wiki sita mpaka nane. Huli na kunywa pamoja, unangoja nusu saa. Kila siku unatafuta protini gramu 60 au zaidi, na kwangu ilitoka kwa mayai, maziwa ya mgando, maharage yaliyopondwa, na mukeke aliyechemshwa akatolewa miba. Ningeweza kuyafuata haya yote kwa utulivu kama watu wangejua. Lakini watu walijua nimetolewa vijiwe, na mtu aliyetolewa vijiwe huletewa pilau. Walikuja kunipa pole kwa masinia. Wiki ya tano, mbele ya wageni sita wanaonitazama, nilimeza kipande cha chapati cha ukubwa wa kidole gumba. Kilikwama. Maumivu yale kifuani siwezi kuyaeleza. Nilikimbilia chooni nikatapika kwa saa nzima, na mke wangu akiwa mlangoni analia kwa hofu kwamba mshono umeachia. Haukuachia, Alhamdulillah.

Mwezi wa nne nywele zikaanza kudondoka. Hutokea kwa wengi na huota tena, lakini nani alijua? Kilo 30 zimekwisha ondoka, nywele zinaanguka, Maalim hali mbele za watu. Sokoni wanawake walianza kunong'ona kuhusu ule ugonjwa. Walimwangalia mke wangu kwa jicho lile mnalolijua. Alirudi nyumbani na kapu tupu, akaketi, akasema, "Haya niliyoyasikia leo sikuyaoa." Sikuwa na jibu, na bado sikusema ukweli.

Ramadhani ya mwaka 2024 ikaingia mwezi wa Machi. Daktari alinikataza kufunga mpaka nitimize mwaka, kwa sababu mtu wa hali yangu hawezi kunywa maji mengi kwa mkupuo. Lita moja na nusu huipata kwa kunyonyanyonya kutwa nzima, na akikosa, figo huumia. Kisheria sikuwa na wasiwasi, mgonjwa ana ruhusa na atalipa siku nyingine. Tatizo ni kwamba mbele ya watu mimi nilikuwa mtu aliyekwisha pona. Hivyo nikawa nakunywa maji kwa siri, kwenye stoo ya madrasa tunamoweka mikeka na misahafu iliyochakaa.

Siku ya tisa, baada ya Adhuhuri, mlango ukafunguliwa. Alikuwa ni yule yule mtoto wa theluthi, sasa ana miaka kumi na mmoja, na ule ulikuwa mwaka wake wa kwanza kufunga mwezi mzima. Alikuja kuchukua mkeka. Akaniona na chupa mdomoni. Midomo yake yeye ilikuwa imekauka.

"Samahani, Maalim," akasema. Akachukua mkeka, akafunga mlango taratibu.

Hakumwambia mtu. Nilisubiri siku ile na ya pili nisikie minong'ono, sikusikia. Siku ya tatu hakuja madrasa. Ya nne hakuja. Nikaenda kwao baada ya Tarawehe. Baba yake akaniambia mtoto amekataa kusoma na hataki kusema sababu, na kwamba ameacha na kufunga. Anasema haoni faida.

Wallahi niliogopa kuliko nilivyoogopa kile kisu. Nikaomba aitwe. Nikakaa chini kwenye sakafu, nikawaeleza wote wawili toka mwanzo: uzito, Nairobi, vijiwe vya uongo, michango, ruhusa ya mgonjwa na stoo. Nikamwonyesha mtoto yale makovu matano. Aliyatazama moja moja. Kisha akauliza swali ambalo baba yake alitaka kumnyamazisha: "Kama ulikuwa na ruhusa, Maalim, kwa nini ulijificha?" Nikamjibu kwamba nilijificha kwa sababu ya uongo, maji nilikuwa na haki nayo. Akafunga kesho yake. Darasani alirudi baada ya wiki, na kwa muda mrefu hakuniangalia usoni.

Ijumaa ya kwanza ya Shawwal nikaomba dakika tano baada ya Swala, nikasema mbele ya wote. Wengine walicheka, wengine walilia, na mmoja alitoka nje. Mzee wa vitenge nilikwisha kumwendea dukani kwake siku mbili kabla, nikiwa na daftari. Alinisikiliza huku anakunja vitambaa. Akasema, "Ungenieleza ningekupa, labda na zaidi. Mimi mwenyewe mama yangu alikufa kwa unene. Lakini ulinichagulia cha kusikia." Akakubali nimrudishie. Nampelekea faranga 50,000 kila mwezi na bado sijamaliza. Tunasalimiana, lakini si kama zamani.

Kwa wanaouliza hali yangu ya sasa: nina kilo 101. Nilifika 97 kisha zikarudi nne, na najua zilirudije, kwa karanga na vitumbua vya usiku. Dawa za kisukari daktari alinisimamishia mwezi wa tatu, sukari hupimwa kila baada ya muda maana inaweza kurudi. Presha bado namezea kidonge kimoja. Mashine ya usiku nimeiacha kwa ruhusa baada ya kupimwa tena, na mke wangu analala. Vitamini, chuma, kalsiamu na B12 ni za maisha yote. Huku kwetu mara zipo mara hazipo, mdogo wangu hutuma. Ngozi ya tumbo imening'inia na itabaki hivyo. Mwaka ulipotimia nililipa siku zangu zote za Ramadhani, na ile ya 2025 niliifunga yote, tende moja na maji kidogo kidogo toka Magharibi mpaka daku.

Mwezi wa saba baada ya upasuaji nilisujudu chini kwa mara ya kwanza baada ya miaka miwili. Nilipoinuka, alama ya mkeka ilikuwa kwenye paji langu, na sikuipangusa mpaka jioni.

Sasa wanakuja watu kuniuliza, hasa akinamama, na huwa wanakuja usiku. Nawaambia wamwone daktari kwanza, kwani si kila mnene anahitaji kisu, na wapo waliokufa kwa kufanyiwa na wasiojua. Wenye kualika Maalim majumbani, tafadhali msinijazie sinia. Kijisahani cha chai kinanitosha, wala sijaudhika.

Lile daftari la michango bado ninalo. Majina yote yamo, na kiasi cha kila mmoja. Aliye Uvira au Kigoma na anataka chake kirudi, amtume mtu madrasa baada ya Alasiri, siku yoyote isipokuwa Ijumaa. Anayesamehe naye anijulishe, ili nilipige mstari jina lake.

Wassalaam alaykum warahmatullah.